Walipokuja Kuazima Sala

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo za ofisi yetu ya makanisa pale Marshalltown, katikati ya Johannesburg, nikawakumbatia mmoja mmoja, kisha nikashuka kwa ngazi kwa sababu lifti, kama ilivyo desturi yake, ilikuwa mapumzikoni. Mliniomba niwaandikie niliyojifunza. Nimekubali kwa shauku ambayo pengine haimfai mtu aliyetakiwa kupumzika. Sitagusa vyeo, maana havikuwa vingi, wala mshahara, kwa kuyastahi makanisa yaliyoulipa. Nitaandika juu ya kazi yenyewe: kanisa lifanye nini pale siasa za chuki zinapoingia kwa mlango wake mkuu, zikiwa zimevaa suti ya Jumapili na kuijua liturujia bila kufungua kitabu. Ni kazi inayochosha. Ni kazi tamu pia, na nikiifikiria hata sasa moyo wangu huenda mbio kama wa mtu anayekaribia kuimba peke yake mbele ya kanisa.

Nilizaliwa Morogoro. Nilikuja Johannesburg nikiwa mke wa mtu aliyekuwa akirudi kwao kutoka uhamishoni, naye alinionyesha mji huu kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoiota: kwa fahari kubwa, akikosea mitaa. Nilipoingia ofisini siku ya kwanza nilikuwa na shahada ya elimu ya jamii, mwandiko mzuri, na imani isiyotikisika juu ya matamko. Mkuu wa dawati letu alikuwa Mama Thandeka, shemasi wa kike kutoka Soweto, mwanamke mpana wa mwili na wa kicheko, ambaye alinitaka niandike kitu juu ya kundi la wanaume waliokuwa wakihubiri ubaguzi katika mji mmoja wa mashariki. Niliandika tamko. Nililaani, nikashutumu, nikanukuu manabii, nikamalizia kwa wito. Akalisoma lote, kwa kuwa alikuwa na adabu.

“Hawu, makoti,” akasema. Ndivyo wanavyomwita bibi harusi hapa, na yeye aliniita hivyo hadi nilipoanza kuota mvi. “Hili ni zuri sana. Kasoro yake ni moja: watu wote wanaokubaliana nalo tayari wamo humu chumbani.”

Akaliweka tamko langu chini ya buli la chai, lisije likaunguza meza, akaniambia nikabadilishe viatu kwa sababu tulikuwa tunakwenda kutembea.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mafunzo yangu, nami nawaachieni kama nilivyopewa. Nendeni kabla ya kuandika. Nendeni wawili, si kwa sababu Injili inasema hivyo tu, bali kwa sababu mtu mmoja akitukanwa hujibu, na wawili hutazamana. Chukueni chupa kubwa ya chai na viti vya plastiki vinavyopangana, maana hakuna mkutano uliowahi kuharibika kwa viti kuzidi. Kipaza sauti kiwe kidogo. Kikubwa humfanya mchungaji ajione nabii. Na mkikaa na mtu aliyeingiwa na chuki, mwulizeni kwanza anaogopa nini. Atasema haogopi kitu. Mnywesheni chai, mngoje.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa katika kanisa la Waafrikana, wale wazungu ambao kwetu huitwa Makaburu, kwenye mji ule ule wa mashariki. Mkulima mmoja mstaafu alikuwa ameanzisha kundi la sala la vijana wa kiume. Waliomba Jumatano, mwisho wa juma walikwenda porini wakiwa wamevaa magwanda ya kijeshi, wakifundishwa kwamba Mungu alifanya agano na watu wa damu yao pekee na kwamba vita vya mwisho viko njiani. Mchungaji wao, mtu mwema mwenye uso uliokosa usingizi, alikuwa amehubiri dhidi ya mafundisho hayo tena na tena, na kila alipohubiri kundi liliongezeka.

Mama Thandeka alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, “Huyo mzee anawapa nini ambacho wewe huwapi?”

Mchungaji alikasirika. Alizungumza juu ya neema, juu ya sakramenti, juu ya kwaya mpya. Halafu akatazama kikombe chake. “Anawachomea nyama Jumamosi,” akasema.

Tulicheka wote watatu, naye ndiye aliyecheka zaidi, lakini hapo ndipo kazi ilipoanza. Wale vijana hawakuwa wamevutwa na theolojia. Walivutwa na moto, na kampani, na mtu mzima anayewaambia kwamba kuna jambo kubwa linalowahitaji. Mwezi uliofuata mchungaji aliwasha moto wake mwenyewe, akawapa kazi ya kuezeka upya nyumba ya wazee pamoja na vijana wa kanisa la kitongoji jirani, na kila Jumapili akahubiri juu ya agano. Hakuhubiri dhidi ya mzee yule. Alilichukua neno lililoibwa na kulirudisha mahali pake: agano lile ambalo ndani yake mgeni aliye malangoni mwako naye ametajwa. Baadhi ya vijana walibaki na mzee. Wengi walikuja kwenye paa. Nilirudi Johannesburg nikiwa siwezi kukaa kimya ndani ya gari, hata Mama Thandeka akafungua redio ili apumzike.

Nimeanza na hao kwa makusudi, kwa kuwa mtu akisikia habari za mrengo mkali wa kulia katika nchi hii huwafikiria wao peke yao. Miaka ilipokwenda tuliona koti lile lile likivaliwa na majirani zetu weusi. Kwamba nchi ni ya damu. Kwamba mgeni ni uchafu. Kwamba zamani tulikuwa na raha, na wapo waliotuibia raha hiyo, nao wanauza nyanya pale kona. Mshonaji ni mmoja. Mkiwaelewa wale wa porini mtawaelewa hawa wa mtaani, na hamtashangaa mtakapowakuta wote wawili wakishika Biblia.

Sasa niwaeleze habari ya mtaa wa Kensington, hapa Johannesburg, ambayo vijana wa ofisini huniomba niirudie kila Krismasi, nami hujifanya sitaki.

Kanisa lenyewe ni la matofali mekundu, karibu na barabara kuu yenye maduka madogo. Asubuhi ya Jumapili waliabudu Waafrika Kusini, kwa Kizulu na Kiingereza. Alasiri, baada ya hao kwenda kula, ukumbi ulipewa Wakongo na Warundi, walioimba kwa Kiswahili hadi madirisha yakatetemeka. Katibu wa ibada hiyo ya alasiri alikuwa Mama Furaha, mshonaji kutoka Bukavu, mwembamba, mwenye macho yasiyokubali upuuzi. Alikuwa na chumba cha kushonea kwenye barabara ile ile, na ndiye aliyewashonea akina mama wa asubuhi sare zao. Mnazijua sare hizo: kila Alhamisi alasiri wanawake wa makanisa yetu huvaa blauzi za zambarau, sketi nyeusi na kofia nyeupe, wakakutana kuomba. Mtaa mzima huwafahamu. Mwanamume aliyelewa akiwaona huvuka barabara.

Mzee wa kanisa aliyeheshimiwa kuliko wote pale alikuwa Baba Mkhize, fundi umeme mstaafu, mwenye sauti nene ya sala. Mkewe, MaKhumalo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wanawake wa Alhamisi. Kundi lililojiita Safisha Mtaa lilipoanza kufanya mikutano Kensington, likidai wageni wafunge biashara na kuondoka, Baba Mkhize ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wake. Nilikwenda kumwona. Alinipokea vizuri, akanikalisha kwenye kiti kizuri. Hayo mazungumzo yalikuwa kwa Kizulu, nayageuza.

“Mwanangu ana miaka mingi hana kazi,” aliniambia. “Nyumba ya pili kutoka hapa wanauza madawa ya kulevya. Nimepiga simu polisi mpaka sauti yangu wanaijua. Nani alinisikiliza? Safisha Mtaa walinisikiliza.”

“Na wanaouza madawa ni wageni?”

“Mmoja ni mgeni.” Akakohoa. “Wengine ni watoto wa hapa.”

“Na Mama Furaha anauza nini?”

“Nani?”

“Aliyeshona sare ya mkeo.”

“Ah, hao.” Akapunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. “Usinielewe vibaya, makoti. Wewe si wao. Wewe ni mke wetu.”

Nimesikia maneno hayo mara nyingi sana katika nchi hii, na nawaonyeni juu yake. Kila mwenye chuki huwa na mgeni wake mmoja anayempenda. Ni kama kibali cha kuwachukia waliobaki. Msikubali kuwa kibali hicho, hata kama kiti ni kizuri.

Kisha likatokea kosa ambalo watu wa kanisa peke yao wangeweza kulifanya. Safisha Mtaa walimwomba mchungaji wa Kensington, Mfundisi Dlamini, afungue mkutano wao kwa sala. Mfundisi, kama tunavyowaita wachungaji hapa, alikuwa mtu mpole, aliyelelewa katika kanuni kwamba mtumishi wa Mungu hakatai kuombea. Akaenda. Akaomba amani, hekima na mvua za wastani. Sikupata kusikia sala iliyo safi zaidi. Lakini wakati anaomba alikuwa ameinua mkono, na nyuma yake kulikuwa na bango lao, na mtu alipiga picha. Jioni ile ile picha ilikuwa imeenea katika simu za mashariki yote ya Johannesburg: kola ya mchungaji, mkono ulioinuliwa, na chini yake maneno, “Mungu yuko nasi.”

Nilipomwuliza, alijibu kwa uchungu wa kweli: “Lakini Mama, ningeweza kuwaombea hata wezi.”

“Ungewaombea wezi, Mfundisi. Usingeuombea wizi.”

Jumapili iliyofuata, ibada ya alasiri haikuwa na mtu. Viti vilikuwa vimepangwa, na Mama Furaha alikuwa amekaa mstari wa mbele peke yake, mkoba mapajani. Mfundisi aliingia, nami nikafuatana naye kama mkalimani.

“Mwambie,” alisema Mama Furaha bila kugeuza kichwa, “ile sala aliomba, iko ya nani? Kama iko yao, anijulishe tu. Mi nitatafuta fasi ingine ya kumwomba Mungu. Mwenye nyumba amesha niambia nitoe mashini mbele ya ile siku ya maandamano, asipate matatizo. Batu bote banajificha. Mi sijifichi, lakini nataka kujua kama niko na kanisa ao sina.”

Nilitafsiri kila neno. Mfundisi Dlamini aliketi chini kwenye ngazi ya madhabahu, akafunika uso. Jambo lilikuwa hilo, na sisi sote watatu tulilijua: maandamano ya Safisha Mtaa yalikuwa Alhamisi ya juma lililofuata, na kabla ya siku hiyo kanisa lilipaswa kumjibu mwanamke mmoja kama analo kanisa au hana.

Ofisini, wakubwa walikuwa wameandaa tamko. Lilikuwa tamko bora. Niliwaambia kwamba karatasi haiwezi kuufuta uso. Watu walikuwa wameona mkono wa mchungaji. Hawatasoma aya saba kuambiwa kwamba mkono ule haukumaanisha walichokiona. Sala iliyotolewa kwa mwili hurudishwa kwa mwili. Hilo nililisema kwa ujasiri mkubwa, halafu mtu akaniuliza hurudishwaje.

Jibu lilikuwa kwa MaKhumalo. Nilimkuta jikoni mwa kanisa akikausha vikombe kwa nguvu kuliko vikombe vilivyostahili.

“Wameomba tena,” akaniambia. “Mume wangu amekuja na ujumbe. Maandamano yataanzia langoni petu, na wanataka Mfundisi awaombee kabla ya kuondoka. Nimemwambia Baba Mkhize, nyumba yetu siku hizi ni bunge, na upinzani unalala kwenye kochi.”

“Mfundisi atakataa,” nikasema.

“Kwa nini akatae?” Akaweka kikombe chini. “Wanataka sala? Siku ya Alhamisi? Makoti, Alhamisi ni yetu. Tutawapa sala.”

Nilimtazama, nikaelewa. Natumaini kila mmoja wenu atapata dakika kama ile walau mara moja kabla ya kustaafu.

Alhamisi ilipofika, kundi lilijaa mbele ya lango: wanaume wengi, wanawake wachache, mabango, kijana mmoja mwenye kipaza sauti kikubwa. Baba Mkhize alisimama mbele akiwa na tai. Mfundisi Dlamini akatoka amevaa kanzu kamili na stola, uso umempauka. Nyuma yake walitoka akina mama wa zambarau, safu kwa safu, si wa kanisa lile tu; MaKhumalo alikuwa amepiga simu, na walikuja hata kutoka vitongoji vya mbali. Mama Thandeka alikuwemo, tayari mstaafu, akichechemea. Katikati yao alitembea Mama Furaha, hana sare, amevaa kitenge chake, akiwa ameshikwa mkono huku na huku. Hawakusimama kando ya barabara. Waliingia barabarani, wakaenea kutoka ukingo hadi ukingo, wakapiga magoti.

“Siku ile niliwaombea bila kuwauliza mnakwenda wapi,” alisema Mfundisi. “Hilo lilikuwa kosa langu, na nalitubu mbele yenu na mbele ya niliowaumiza. Leo nimeuliza. Tuombe.”

Kofia zilivuliwa. Hapa kofia huvuliwa hata na wasioamini. Akamwombea mwenye duka dogo la kona, kwa jina. Akawaombea wasusi wa Kizimbabwe walio mkabala na robot, zile taa za barabarani, kwa majina. Akamwombea Mama Furaha, na mashine zake, na mikono yake. Kisha, na hili sikulitarajia, akamwombea mwana wa Baba Mkhize apate kazi, na mtaa ule uokolewe na wauza madawa, wa hapa na wa kwingine, na polisi wapewe masikio. Aliomba kama mtu anayelipia mvua zile za wastani. Alipokaribia mwisho, MaKhumalo alianza, na wote wakamfuata. Mnajua desturi ile: kila mama anaomba yake, kwa sauti yake, wote kwa pamoja, kama mto unaoshuka, mmoja akichoka mwingine anaanza wimbo, wimbo ukiisha sala inainuka tena. Haina saa ya kwisha. Na mtu aliyelelewa katika nchi hii anaweza kufanya mambo mengi, lakini hamruki mama aliyepiga magoti akiwa na sare.

Magari yalipiga honi, halafu yakazima injini. Robot iligeuka kijani, ikageuka nyekundu, ikaendelea hivyo bila faida kwa mtu yeyote. Yule kijana wa kipaza sauti aliinama karibu na MaKhumalo.

“Mama, samahani, tuna ratiba.”

MaKhumalo alifumbua jicho moja. “Unamharakisha Mungu, mwanangu?”

Watu walicheka, hata upande wao. Mama mwingine, bila kuinua kichwa, akapaza sauti: “Sibusiso! Nimekuona huko nyuma. Vaa kofia hiyo tena uone.” Huyo Sibusiso, mtu mzima mwenye ndevu, alikunja bango lake taratibu kama anayekunja shuka, akaondoka. Wengine walimfuata, wawili wawili, wakijifanya wamekumbuka shughuli. Mama Thandeka alikuwa jirani yangu. “Nilipiga magoti mbele ya polisi nikiwa msichana,” akaninong’oneza kati ya sala mbili. “Kushuka ni rahisi vile vile. Nani ataninyanyua?” Nilicheka huku machozi yananitoka, na niliomba kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo binti yangu, anayenijibu Kiingereza nikimsemesha, angeionea aibu.

Sitawadanganya kwamba ulikuwa muujiza. Wapo waliozunguka kwa mtaa wa nyuma wakavunja dirisha la saluni kabla polisi hawajafika. Lakini barabara yetu haikupitwa siku ile, na jioni Mama Furaha alifungua chumba chake, akawasha taa, akashona. Mwenye nyumba alipita, akaona, akasalimu, akaenda zake.

Baadaye mchungaji mmoja wa jimbo jingine alinipigia simu kwa msisimko, akitaka nimtumie utaratibu ule ulioandikwa, ili nao waufanye. Nilimwuliza kama akina mama wa kanisa lake wanajulikana mtaani kwa majina, kama waliwahi kuwazika wafu wa watu wale, kama waliwahi kuwaonya vijana wale utotoni. Alisema wana kamati nzuri sana ya mawasiliano. Nilimtakia heri. Wanawake wa Kensington hawakulizuia kundi lile kwa magoti ya alasiri moja. Walikuwa wamekwisha kupita katika kila nyumba ya mtaa ule, kwenye kila msiba, kwa miaka.

Halafu ikabaki kazi ndefu, ile isiyopigwa picha. Ibada mbili zilifanywa moja, saa tatu asubuhi, kwa lugha tatu na malalamiko katika zote. Mama Furaha aliyadai hayo mwenyewe: hakutaka kuombwa radhi, alitaka asubuhi. Wanawake wa Alhamisi walimvika sare, ambayo bila shaka ilikaa vizuri kuliko zote. Baba Mkhize aliambiwa na baraza kwamba hawezi kuwa mzee wa kanisa na msemaji wa Safisha Mtaa kwa wakati mmoja. Hakufukuzwa; alichagua, akachagua Safisha Mtaa. Niliendelea kumtembelea na mwenzangu, tukampeleka mwanawe kwa fundi mmoja wa kanisa, tukakaa na baba mwenyewe kituo cha polisi akiripoti ile nyumba ya madawa. Alikunywa chai yetu. Hakubadilisha neno. Msione hayo kuwa kushindwa. Anayekunywa chai yenu bado hajawapa mgongo.

Majira ya baridi yaliyopita mama yake Baba Mkhize alifariki. Alikuwa bibi wa umri mkubwa, mmoja wa waanzilishi wa wanawake wa Alhamisi pale. Desturi mnaijua: tangu siku ya kifo hadi maziko akina mama huenda nyumbani kwa wafiwa kila jioni, wakaimba langoni hadi mwenyeji atoke awapokee, kisha wakaingia kuomba na mfiwa aliyeketi juu ya godoro. Wote huenda. Kutokwenda ni kusema neno.

Mama Furaha alinijia ofisini Marshalltown, amevaa sare tayari. “Mama, wewe unafundishaka batu haya mambo. Niambie. Huyu mtu alitaka kunitoa. Mamake alikuwa mama ya sisi bote. Nifanye aje?”

Miaka yote ile ya warsha, nami nilisema tu kwamba nitakwenda naye, kwa kuwa huwa tunakwenda wawili.

Jua lilikuwa linazama tulipofika. Akina mama waliimba langoni. Baba Mkhize akatoka, amekonda, akawashukuru na kuwakaribisha, nao wakaingia. Mama Furaha hakusogea. Nami nikabaki naye. Baba Mkhize alikuwa ameshika komeo la lango, akingoja kulifunga.

“Mbona wewe huingii?” akamwuliza.

Mama Furaha alijibu kwa Kizulu, kile cha wateja wake, kifupi na kilichonyooka. “Nimeimba kwa ajili ya mama. Ndani, nataka uniite wewe. Kwa jina.”

Alitazama komeo lililokuwa mkononi mwake. Nilidhani ni kiburi. Kisha nikamwona usoni, nikatambua kwamba ni aibu.

“Nililisikia, sikulishika. Silijui,” akasema.

“Uliza.”

“Unaitwa nani?”

“Furaha.”

Alilijaribu, likamkwama kidogo kwenye ulimi, akalirudia. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea. “Na baba yako? Jina la baba yako?”

Mama Furaha alinitazama. Nilitikisa kichwa nisimsaidie. Kwa Wazulu, mke wa mtu huitwa kwa jina la nyumba ya baba yake, kwa heshima, kama MaKhumalo, na haulizwi jina hilo mtu ambaye unatarajia aondoke.

“Bahati,” akasema. “Baba yangu alikuwa Bahati.”

Baba Mkhize alifungua lango lote, pande zote mbili, kama linavyofunguliwa kwa gari. Akageuka kuelekea nyumba, na ile sauti yake nene ya sala, ambayo kanisa halikuwa limeisikia kwa muda mrefu, ikafika hadi kwenye godoro alikoketi mkewe.

“Sogeeni huko ndani! MaBahati anaingia.”